Dakika Kumi na Moja za Fundi Vitalis

Fundi Vitalis alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mtaa mzima wa Gerezani waliujua, nao ni kuuliza. Umpelekee friji lako bovu, badala ya kushika bisibisi atakukalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuanza. Lilizimika saa ngapi? Umeme ulikatika kwanza, au friji lilizimika lenyewe? Umeme uliporudi, nani aliwasha? Aliwasha hapo hapo au alingoja? Watu walimcheka. "Fundi, kwani wewe ni polisi?" Lakini fundi hana habari. Akishajibiwa yote ndipo anafungua kifuniko cha nyuma, na mara nyingi, pamoja na kero zake zote, anakuwa ameshajua kilichoungua.

Na jibu lilikuwa karibu kila siku lile lile. "Umeme kukatika hakuui friji," aliwaambia wateja, kidole juu. "Kinachoua ni kurudi. Unarudi kwa kishindo, na wewe kwa furaha yako unachomeka, kompresa haijapumua. Kwisha habari." Kuanzia Gerezani mpaka kwenye maduka ya soda ya mtaa wa Sikukuu, watu waliijua sheria yake: umeme ukirudi, usishangilie, ngoja dakika tano ndipo uwashe. Wasiojiamini aliwauzia kile kiboksi cha gadi, kinachochelewesha umeme usiingie kwenye friji mpaka muda wake utimie.

Mkewe, Hyasinta, aliuza usipa sokoni Ilala, wale dagaa wa Ziwa Nyasa wanaokuja kwa magunia kutoka kwao Mbamba Bay. Mpole wa sura, mkali wa ulimi. Walikuwa wamehamia mjini miaka ishirini na sita iliyopita, na mtoto wao wa pekee, Tarsis, alikuwa kazini Mbeya. Wao wawili walikaa ghorofa ya tatu mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kwenye jengo ambalo lifti yake ni miguu yako mwenyewe.

Wiki hizo Hyasinta alikuwa ameanza tabia mpya. Akipanda ngazi, kila ghorofa anasimama, anabisha hodi kwa jirani, anapiga stori mbili tatu, ndipo anaendelea. "Hee, Mama Tarsis, siku hizi umekuwa mtu wa umbea!" Vitalis alimtania, kapu begani. Hyasinta alicheka kidogo tu, mkono mmoja ukutani. Na bingwa wetu wa maswali, jamani, akapita zake juu bila kuuliza hata moja.

Jumamosi moja asubuhi, saa tatu na nusu, simu ya Vitalis ikalia. Ilikuwa Violeth, mwenye meza jirani na ya Hyasinta sokoni.

"Shemeji, njoo haraka! Dada amekaa chini, jasho linamtiririka, anasema kifua kinabanwa. Mwenyewe anasema ni gesi, ameagiza maji ya tangawizi, lakini mimi simwelewi."

Vitalis aliacha friji la mtu wazi, matumbo nje. Alipofika alimkuta mkewe amejiegemeza kwenye gunia, midomo imepauka. Akamshika mkono, wa baridi. "Ni gesi tu," Hyasinta alisema, na hata kusema kwenyewe kulimshinda. Violeth alikuwa ameshasimamisha bajaji. Namshukuru sana yule dada, maana Vitalis pale alikuwa ameanza kuuliza amekula nini.

Hospitali walipokelewa vizuri. Hyasinta alivishwa nyaya kifuani, karatasi ikatoka kwenye mashine ikiwa na vilima vyake, muuguzi mmoja aliyeitwa Aristides akaitazama na kuondoka nayo mbio. Hakuchukua muda akarudi na daktari, dada mwembamba mwenye mtandio wa bluu.

"Shikamoo baba. Mimi naitwa Dokta Nasreen."

"Marahaba, daktari. Ni gesi?"

"Si gesi, baba. Mshipa mmoja wa moyo umeziba. Sehemu ya mbele ya moyo haipati damu sasa hivi tunavyoongea. Tunataka kuingiza mrija mwembamba kupitia mkononi, tuzibue, tuweke kispringi kidogo mshipa ubaki wazi. Mama tumempa dawa ya maumivu, ana usingizi. Amesema fomu usaini wewe."

Aristides akamkabidhi fomu na kalamu. Daktari akamsomea hatari zake upesi upesi, anavyotakiwa kufanya: kuvuja damu, dawa kumkataa. Na ya mwisho: "Damu inaporudi, mapigo yanaweza kuvurugika kwa muda. Wakati mwingine kule kurudi kwenyewe kunaumiza moyo kiasi. Tutakuwa tunamwangalia."

Kalamu ya Vitalis ilikuwa imeshagusa karatasi. Ikainuka.

"Hebu subiri hapo hapo, daktari. Umesemaje? Kurudi ndiko kunaumiza?"

"Kwa sehemu, ndiyo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu mwingine yeyote pale angesaini. Muuza nyanya angesaini, mshona nguo angesaini, hata mimi ningesaini na macho yamefumbwa. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka ishirini na mbili alihubiri jambo moja tu duniani, na sasa daktari mwenyewe, na koti lake jeupe, amemthibitishia. Damu ni umeme! Moyo ni kompresa! Alihisi ameonyeshwa siri ambayo hata hawa wasomi wameipita bila kuiona.

"Basi msifungue sasa," alisema. "Ngojeni kidogo."

"Tungoje nini, baba?"

"Moyo upumue. Dakika tano, kumi. Halafu mfungue kidogo kidogo, siyo kwa kishindo. Mimi ni fundi wa friji, daktari, haya mambo nayajua. Nimeona kompresa ngapi zimekufa kwa sababu ya haraka ya watu!"

Aristides alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika saba, akaiandika kwenye jalada. Dokta Nasreen alieleza kwamba hakuna kungoja. Vitalis akauliza kwa nini. Akaelezwa kwamba moyo bila damu unakufa. Vitalis akasema, umezimika haujafa, kuna tofauti. Akauliza mrija una unene gani, akauliza kama kuna koki ya kupunguza mkondo. Violeth alimvuta shati: "Shemeji, saini bwana!" Akautoa mkono wake. Hakuwa na kiburi, maskini. Alikuwa anampenda mke wake na alikuwa na hakika kwamba anamwokoa, na hakuna mtu mgumu kumgeuza kama huyo.

"Baba, nisikilize," Dokta Nasreen alisema hatimaye, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso naye. "Friji likikosa umeme siku nzima, linaoza?"

"Friji haliozi. Vinaoza vilivyomo ndani."

"Nyama?"

"Nyama, samaki, kila kitu."

"Sasa moyo wa mama si friji, baba. Moyo ndiyo nyama."

Vitalis aliivuta fomu. Akasaini. Aliikandamiza kalamu mpaka herufi ya kwanza ikatoboa karatasi. Kitanda kilikuwa kimeshaanza kusukumwa kabla hajaweka tarehe. Aristides akatazama saa tena: saa nne na dakika kumi na nane.

Walikaa kwenye benchi, yeye na Violeth. Fundi naye alikuwa ameitazama ile saa ya ukutani, mara zote mbili. Alikuwa anafanya hesabu ya kutoa, kumi na nane kasoro saba, na kila akiitoa inakuja kumi na moja. Aliogopa. Alijichukia pia. Nyama gani unaiacha juani dakika kumi na moja Dar es Salaam hii huku unajadili bei?

Karibu saa tano na nusu daktari alitoka, barakoa imening'inia shingoni. "Umefunguka," alisema. "Damu iliporudi mapigo yalivurugika kama dakika moja hivi, tukapata wasiwasi, yakatulia yenyewe. Yuko hai, baba." Violeth alipiga kigelegele palepale hospitalini, akakaripiwa na mlinzi. Vitalis alilia bila kujificha.

Siku ya tatu, baada ya Hyasinta kupimwa moyo kwa ile mashine ya kuona ndani, Vitalis alimvizia Dokta Nasreen mlangoni pa chumba chake. Usiku wote alikuwa ameyapanga maswali yake.

"Daktari, nina maswali."

"Nilijua," daktari alisema, akacheka, akamkaribisha ndani.

Akamweleza hali ilivyo. Sehemu ya mbele ya moyo ilikuwa inavuta kwa ulegevu. Kipande kidogo kimekufa, hicho hakirudi. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa imezubaa tu, iko hai lakini haijaanza kazi, na ya namna hiyo huwa inaamka baada ya siku kadhaa au wiki. "Nilitegemea kukuta kibaya zaidi kwa jinsi mshipa ulivyokuwa umeziba."

"Kwa nini hukukuta?"

Daktari akachukua karatasi, akachora duara. "Hii ni seli moja ya moyo. Ndani yake kuna vinu vya kutengeneza nguvu, vingi sana, tunaviita mitokondria. Damu ikikatika, vinu vinakosa hewa, seli inaanza kuishiwa. Ikikaa hivyo inakufa, hilo tumeshakubaliana."

"Tumekubaliana," Vitalis alisema kwa sauti ndogo.

"Sasa damu inarudi. Hewa inaingia ghafla, chumvi za ndani zimevurugika, vinu vinataharuki. Kwenye kila kinu kunafunguka kitu mfano wa mlango, ambao haukutakiwa kufunguka. Ukifunguka ukabaki wazi, kinu kinavimba na kupasuka. Vikipasuka vingi, seli inakufa, ingawa damu imeshafika. Hizo ni dakika za mwanzo kabisa, baba. Kwa hiyo ulichosema siku ile hakikuwa upuuzi."

"Kumbe!" Vitalis alisogeza kiti. Uso wake, uliokuwa umesinyaa siku tatu, ukaanza kuchangamka. "Sasa nani anaufunga huo mlango?"

"Seli yenyewe. Inapoanza kukosa damu inatoa vitu fulani nje ya ukuta wake. Kimojawapo kinaitwa adenosini. Vile vitu vinagusa vipokezi vilivyo kwenye ukuta, kipokezi kinaamsha protini ya ndani, hiyo inaamsha nyingine, na nyingine tena. Ujumbe unapokezanwa hivyo mpaka kwenye vinu: damu inakuja, shikilieni mlango."

"Gadi!" Vitalis aliruka. "Kuna gadi humo ndani! Nani kaiweka?"

"Umezaliwa nayo. Ila sikiliza tofauti, maana ndipo ulipokosea. Gadi yako inazuia umeme usiingie. Hii haizuii damu hata kidogo, damu inaitaka sana. Inashikilia mlango wa ndani tu, wakati damu inaingia."

Vitalis alirudia maneno hayo midomo ikicheza, hana hata sauti. Halafu akauliza kama madaktari wanaweza kuiamsha hiyo gadi kwa makusudi. Daktari akamwambia wamehangaika nayo miaka mingi. Wapo waliojaribu kufungua na kuziba mshipa mara kadhaa kabla ya kuuacha wazi, wakati mwingine ikasaidia, wakati mwingine hapana. Wapo waliombana mgonjwa mkono kwa mpira wa kupimia presha, wakaachia, wakabana, kwa sababu hata mkono ukikosa damu kidogo unapeleka ujumbe moyoni. Kwa wanyama ilifanya kazi vizuri ajabu. Kwa watu wenye shambulio la moyo, maelfu yao huko Ulaya, haikuonyesha faida waliyoitegemea.

"Kwa nini?"

"Bado hatujui vizuri."

Vitalis alifurahi. Samahani, lakini ndivyo alivyokuwa, mke yuko wodini na yeye anafurahia kwamba kuna jambo hata madaktari hawalijui. Alitaka kuuliza lingine, daktari akamtangulia.

"Kuna kitu kimoja kinachoiamsha vizuri kuliko dawa zetu. Moyo ukikosa damu kidogo, ukapata, ukakosa tena, ukapata, zile jumbe zinapita mara nyingi. Siku ya shambulio kubwa zinakuta seli zimejiandaa. Watu waliowahi kubanwa kifua siku chache kabla, mara nyingi sehemu inayokufa huwa ndogo. Nadhani ndilo lililomsaidia mama. Lakini tafadhali usiende kuwaambia watu kifua kubana ni mazoezi! Kifua kikibana, njooni."

"Kwa mke wangu haliwezi kuwa hilo," Vitalis alisema. "Yeye hakuwahi kubanwa kifua."

Dokta Nasreen alimtazama. "Baba, wiki tatu. Ametuambia mwenyewe. Akipanda ngazi kinabana, akisimama kinaachia. Alikuwa anasimama kila ghorofa."

Vitalis aliona ngazi za mtaa wa Mchikichi, moja moja, na mkewe mlangoni kwa jirani, mkono mmoja ukutani. Na yeye, na kapu lake, na utani wake wa umbea. Alimuuliza kila mtu wa mji huu friji lake limezimika saa ngapi, mkewe hakumuuliza kitu. Aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni.

"Daktari, swali la mwisho. Zile dakika zangu kumi na moja. Zimekula kiasi gani?"

"Siwezi kukutenganishia. Mama alikaa sokoni karibu nusu saa, njiani, halafu hapa kwetu. Zimo humo. Hazikupita bure, lakini si zenyewe zilizoua kile kipande chote. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Saa kumi jioni, wakati wa kuona wagonjwa, aliingia wodini na chupa ya uji. Hyasinta alikuwa ameinuliwa mgongo, nyaya bado kifuani, mashine kando yake inaandika mapigo kwa namba za kijani. Sabini na nne. Walisalimiana. Akanywa uji nusu kikombe, akaulalamikia sukari. Vitalis alikuwa ameshaonywa na Aristides asimletee mgonjwa habari za kumkwaza. Alijua angeweza kunyamaza, na Violeth asingesema. Lakini alikuwa mumewe, na jambo lenyewe lilikuwa la moyo wake yeye Hyasinta, si la mtu mwingine.

"Mama Tarsis, kuna kitu nataka kukwambia. Ile Jumamosi waliponipa fomu, sikusaini hapo hapo."

"Hukusaini?"

"Nilibishana nao. Niliwaambia wangoje, nikawaeleza habari za kompresa. Dakika kumi na moja, Hyasinta. Ulikuwa umelala pale, moyo wako unakosa damu, mimi natoa somo la friji. Nilidhani nakuokoa. Nisamehe."

Hyasinta alikiweka kikombe chini. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mgonjwa.

"Dakika kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Mimi nakufa, wewe unauliza maswali?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi je, Baba Tarsis? Wiki tatu nzima napanda zile ngazi na roho mkononi! Nilijua nikikwambia utaniweka kwenye ndoo, utanihoji kama mteja, lini, wapi, saa ngapi, na mimi nilikuwa naogopa, sikuwa na majibu! Nikasema ninyamaze, aone mwenyewe. Siku moja tu ageuke aone. Hukugeuka! Kila siku unanipita na kapu! Nimekasirika, unasikia? Nimekasirika sana!"

Vitalis alishtuka. Macho yake, kwa mazoea ya ufundi na kwa hofu ya mume, yalikimbilia kwenye mashine. Tisini na nane. Mia moja na tano. Mia moja na kumi na mbili. Akashika kingo za kitanda, tayari kumwita muuguzi. Lakini vile vilima vya kijani vilikuwa vinapita kimoja baada ya kingine, vimepangana, hakuna kilichoruka. Moyo ulikuwa unakimbia kwa sababu mwenyewe ana hasira, na ulikuwa unaziweza. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Alitaka kuhesabu, alitaka kujua utafika ngapi, na utashukaje.

"Usiangalie hiyo mashine!" Hyasinta alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Niangalie mimi."

Akamwangalia.